Chuo cha urubani Dar: nilichokikuta nilipokwenda kukikagua kabla ya kuuza kiwanja

Mimi nauza spea za magari Gerezani, huu mwaka wa 17. Natanguliza hilo ili ujue anayekuandikia ni mtu wa aina gani. Kurusha ndege sijui, lakini injini iliyooshwa kwa dizeli ili ionekane mpya naijua kwa harufu, na profoma iliyoandikwa kwa ajili ya mteja mwenye haraka naitambua kabla sijavaa miwani.

Binti yangu wa pili amemaliza kidato cha sita mwaka 2025, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati). Julai 2018, Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania ilipotua, yeye alikuwa darasa la saba, na tangu siku ile hajataja kazi nyingine zaidi ya urubani. Nilidhani yatapita kama yalivyopita ya netiboli. Ajali ya Bukoba ya Novemba 2022, iliyoua watu 19, ilimfanya bibi yake apige marufuku neno ndege pale nyumbani, lakini mtoto ndiyo kwanza akawa anasoma habari za uchunguzi usiku kucha badala ya kujiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, baba yake akasema kiwanja cha Chanika kiuzwe tulipe ada ya chuo cha urubani. Nikamwambia, baba watoto, kiwanja hakina miguu, ngoja kwanza nikakione hicho chuo.

Nimekwenda mara nne. Jina la chuo silitaji kwa sababu mtoto sasa yumo humo, na si yote nitakayosema ni mazuri.

Mara ya kwanza tulipokelewa vizuri, pengine vizuri mno. Kiyoyozi kinauma mifupa, meza ya mapokezi ina kidege cha kuchezea chenye twiga mkiani, na vijana wanapita wamevaa mashati meupe yenye mistari ya dhahabu mabegani. Nikauliza, hawa ni marubani? Naambiwa ni wanafunzi wa mwezi wa pili. Mwanangu alikuwa anaitazama ile mistari kama mtoto anavyotazama keki, nami nikajua hapo ndipo bei inapoanzia.

Dada wa mapokezi akanisalimu shikamoo mama, akampima binti yangu kwa macho toka juu hadi chini, akasema, "Mama, kwa urefu huu mbona anafaa sana uhudumu wa ndani ya ndege? Miezi sita tu, milioni nne na nusu, anaingia kazini." Mtoto ana A ya fizikia, hata hajaulizwa anataka nini. Hii kozi niimalize hapa hapa: usilipe. Shirika la ndege likimwajiri mhudumu linamfundisha upya kwa ndege zake lenyewe, milango yake, maboya yake, namna ya kutoa watu moto ukiwaka, na kumchagua linamchagua kwa usaili wake. Mabinti wawili wa mtaani kwetu Segerea wana vyeti hivyo vya milioni nne. Mmoja anauza simu Sinza, mwingine yuko mapokezi ya hoteli, na wote wawili wangeweza kufika walipo bila hicho cheti.

Turudi kwenye urubani. Nikapewa profoma ya leseni ya rubani wa biashara, ile CPL: dola 58,000. Ndege ya injini moja saa 185 kwa dola 240 kila saa, ndege ya injini mbili saa 15 kwa dola 560, darasa na simuleta, ile mashine ya kuigizia kurusha ndege, dola 5,200. Kwa bei ya dola waliyonipigia siku ile, dola moja shilingi 2,500, hiyo ni milioni 145. Chanika yote haifiki.

Nikamwuliza kijana wa ada, mwanangu, hizi dola tunalipana sisi kwa sisi hapa Dar? Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2025 zimekataza kupanga bei kwa fedha za kigeni, sisi huku Kariakoo zilitushughulisha mpaka tukabandika upya bei za duka zima. Akacheka, akasema ni makadirio tu mama. Makadirio yana muhuri na saini mbili? Nikaikunja nikaiweka kwenye pochi.

Halafu nikauliza kisichokuwemo. Hili ndilo swali langu la kazini. Mtu akikwambia gari ni milioni 12, unamwuliza ni bei ya bandarini au ya mkononi, maana ushuru ni gari jingine. Kisichokuwemo kilikuwa hiki: vipimo vya afya, ada za mitihani ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), tozo za kutua, visikizio vya kichwani, vitabu, sare, na ndege ya siku ya mtihani wa vitendo, ambayo nayo inalipiwa kwa saa. Na saa zikizidi zile 200 kwa sababu mtoto hajaiva, zinalipiwa bei ile ile. Kijana hakuficha hata kimoja, lazima nimpe haki yake. Ila hakusema mpaka alipoulizwa.

Kuhusu karatasi. Ukutani palikuwa na vyeti kumi na kitu vya fremu, nikavisoma vyote, kimoja kimoja, mtoto wangu akiona aibu. Usajili wa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, ni jambo moja na idhini ya TCAA ya kufundisha urubani ni jambo jingine kabisa. Cha kwanza kinakuruhusu kutoa stashahada, cha pili ndicho kinachofanya saa za mwanao zihesabiwe. Na hicho cha pili lazima usome kimeidhinisha kozi zipi na kinaisha lini. Hawa wanacho na kilikuwa hai, nimekiona. Vyuo vingine viwili nilivyopita wiki ile havikuwa nacho. Kimoja kilikuwa kinafundisha darasani tu hapa mjini kisha kinampeleka mtoto kwa "washirika" nje ya nchi kwa bili nyingine.

Mara ya pili sikutoa taarifa. Nilikwenda Jumamosi asubuhi moja kwa moja kwenye ndege zao, na nikamchukua shemeji yangu, ambaye amekula zaidi ya miaka 20 kwenye karakana za ndege. Tukavalishwa rifleta, tukapelekwa. Hapa niliona raha ambayo sikuitarajia.

Ndege yenyewe ni Cessna 172, ya viti vinne, ukiisukuma kwa mkono inakwenda. Shemeji akaomba kifuniko kifunguliwe, nami nikainama kama niko dukani. Silinda nne, lakini plagi nane! Kila silinda mbili. Magineto, zinazozalisha umeme wa plagi, ziko mbili, kila moja inajitegemea, ili moja ikifa nyingine iendelee kuchoma. Haina rejeta, inapozwa na hewa. Kabla ya kuruka rubani anapandisha mzunguko wa injini, anazima magineto moja, anatazama mzunguko unashuka kiasi gani, anairudisha, anazima ya pili. Nikajiambia madereva wetu wa daladala wangekuwa na nusu ya adabu hii, mimi ningefunga duka.

Mwalimu mmoja kijana alikuwa anachuja mafuta chini ya bawa kwa kikombe cha plastiki cha uwazi, akakiinua juani. Mafuta ya buluu, kama maji ya bwawa la hoteli. Akaniambia, "Mama, rangi hiyo inawekwa makusudi ili tusiyachanganye na mafuta mengine. Kukiwa na maji yanakaa chini, utayaona yamejitenga." Hayakuwepo. Akarudia bawa la pili, akachuja tena na chini ya pua ya ndege. Hakuwa anafanya maonyesho, maana tulimkuta katikati ya kazi. Kwa kijana huyo chuo kimepata nyota moja nzima kutoka kwangu.

Shemeji yeye alikuwa kwenye vitabu. Kila injini ina kitabu chake, kila saa iliyofanya kazi imeandikwa, na injini za aina hii mtengenezaji anazipa kama saa 2,000 kabla ya kufumuliwa yote. Piga hesabu: wanafunzi kumi wa CPL, saa 200 kila mmoja, wamemaliza injini. Katikati kuna ukaguzi wa kila saa 50 na kila saa 100. Ndiyo maana saa ni ghali, na baada ya kuviona vile vitabu sikulalamika tena kuhusu ile dola 240. Ndege moja ilikuwa na saa 1,870 kwenye injini. Shemeji akaninong'oneza, "Hii inakaribia kulala." Maana yake si kwamba ni mbovu. Maana yake ni kwamba hivi karibuni itaegeshwa miezi, na wanafunzi wake watahamia kwenye foleni ya nyingine.

Na hapo ndipo penye kidonda. Kipeperushi kina ndege tano. Kiwanjani nilihesabu tatu, na moja kati ya hizo haikuwa na pangaboi, imefunikwa turubai, kunguru wameifanya kijiwe. Ndege mbili zinazoruka. Nikauliza wanafunzi wako wangapi, nikaambiwa 23. Chukulia siku njema kila ndege inaruka saa tano, jumla kumi. Wanafunzi 23 mara saa 200 ni saa 4,600. Hizo ni siku 460 njema, bila masika, bila vuli, bila ukaguzi, bila mwalimu kuumwa. Kipeperushi kinasema miezi 14.

Nikatoka nje kwa mama ntilie, nikaagiza chai na chapati, nikakaa na vijana wenye mistari mabegani. Ukitaka kujua chuo, usimwulize mwenye kalamu ya ada, mwulize anayekunywa chai kwa mkopo. Mmoja ana mwezi wa 18 pale, ana saa 61. Amelipa yote siku ya kwanza, baba yake aliuza nyumba ya kupangisha Tabata. Hakuwa na hasira hata, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema, "Mama, tunasubiri tu, ndege ikipatikana tunaitwa." Mwingine alilipa kidogo kidogo na ana saa 90 kwa muda huo huo. Umeona? Aliyelipa yote hana cha kumbana nacho mtu. Anayelipa kidogo kidogo, kila wiki chuo kinamhitaji.

Jambo jingine nililolipata kwenye chai ile ni mita. Ndani ya ndege kuna mita ndogo ya saa, inahesabu kwa sehemu za kumi: 0.1 ni dakika sita. Inaanza injini ikiwaka, si ndege ikiruka. Sasa fikiria mko kiwanja kikubwa, mnara umewaambia subirini, mbele yenu kuna Airbus inaondoka, nyuma yake kuna ATR inatua, na ninyi mmekaa injini inaunguruma. Ni kama teksi ya mita kwenye foleni ya Tazara saa kumi na mbili jioni. Dakika 18 za kusubiri ni 0.3, na 0.3 ni shilingi 180,000. Mimi kuna siku duka halinipi faida hiyo. Mwanafunzi anajifunza kitu akiwa anasubiri? Kidogo, masikio yanazoea redio. Lakini saa hiyo ni yako, umeilipia.

Kabla sijafika kwenye uamuzi, niseme la afya, kwa sababu hili lingeokoa pesa za watu kuliko mengine yote. Kijana wa jirani yetu alilipa milioni 30 kwenye chuo kingine, akasoma darasani miezi mitano, ndipo akapelekwa kupimwa kwa daktari anayetambuliwa na Mamlaka. Akaonyeshwa kitabu chenye vidoto vya rangi na namba zilizojificha ndani yake. Yeye haoni namba. Nyekundu na kijani kwake zinafanana, na hakuwahi kujua, maana nani huwa anaulizwa? Pesa haikurudi. Sisi tulianza na hapo. Vipimo vya daraja la kwanza, ndivyo vinavyotakiwa kwa CPL: macho, masikio, moyo, mkojo, damu. Binti yangu anavaa miwani na amepita, miwani si tatizo mradi inarekebisha. Tulitumia sehemu ndogo sana ya ada, na chuo hakikuwa kimetuambia tufanye hivyo kwanza.

Njia nyingine nilizipitia pia. Afrika Kusini saa inaweza kuwa nafuu, lakini ongeza chakula, pango, viza, na akirudi leseni ya kigeni lazima ipitie taratibu za TCAA kabla haijamfaa hapa. Mzee mmoja mteja wangu alinisifia Soroti ya Uganda, chuo kilichoanzishwa 1971 enzi za Jumuiya ile ya kwanza. Shemeji yeye anapigia debe ufundi wa ndege pale Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo: "Dada, rubani mmoja anarusha ndege moja, fundi mwenye leseni anahitajika na zote." Nilimwelewa sana, mimi ni mtu wa spea. Mtoto hakuelewa. Kuna na chuo cha TCAA chenyewe kinachofundisha waongoza ndege, na huko akasema atakwenda urubani ukimshinda.

Kuhusu ajira, CPL yenye saa 200 si tiketi ya Dreamliner, na chuo kinachokuwekea picha ya Dreamliner mapokezi kinajua hivyo. Mwenye saa 200 anaanza kubisha hodi kwenye kampuni za ndege ndogo, zile Caravan za Zanzibar, Mafia na Serengeti, na nyingi zinataka saa zaidi kwa sababu watu wa bima nao wana masharti yao. Wengine wanabaki kuwa walimu chuoni ili wakusanye saa, kisha wanaondoka, na ndiyo sababu mwanafunzi anabadilishiwa mwalimu mara tatu kabla ya leseni. Na kampuni nazo si za milele. Fastjet ilisimama mwishoni mwa 2018 na marubani wenye saa zao nyingi wakaingia foleni moja na watoto wa saa 200. Baba yake nilimwambia hayo yote kwa sauti ya chini, mtoto akiwa jikoni.

Basi, kinafaa bei yake? Kwa milioni 145 za mkupuo, hapana, na nisingekubali hata kama kiwanja kingekuwa Masaki. Kwa saa moja moja, ndiyo. Ualimu wao ni mzuri, ndege zinazoruka zinatunzwa, vitabu vyao ni vya kweli. Wanachouza kizuri ni saa. Wasichonacho ni ndege za kutosha kutimiza ahadi ya miezi 14, na hilo hawalisemi.

Mara ya tatu nilikwenda na masharti yangu kwenye karatasi. Leseni ya kwanza tu, ile PPL ya rubani binafsi. Kiwango cha kimataifa ni saa 40, mimi nikakadiria 45, milioni 27. Laki sita kwa saa, kwa shilingi, bei isipande na dola. Kulipa saa kumi kumi, na saa kumi zikiisha ndipo tunalipa nyingine. Zikipita wiki tatu mtoto hajaruka kwa sababu ya ndege, naruhusiwa kuchukua salio langu. Mkuu wa fedha alisema hawajawahi kufanya hivyo. Nikamwambia, baba, hata mimi sijawahi kununua ndege. Nikaondoka. Siku nne baadaye akanipigia mwenyewe, akakubali yote isipokuwa wiki tatu, akataka tano. Tukaishia nne. Mara ya nne nilikwenda kusaini.

Kiwanja cha Chanika kipo. Milioni sita za kwanza zilitoka kwenye mzigo wa shokapu niliokuwa nimeupanga kuagiza, na mzigo huo utasubiri.

Nyota tatu kati ya tano. Ningetoa ya nne wangekuwa na ndege ya tatu.

Mtoto sasa ananitumia picha mbili kila akiruka, mita kabla ya injini kuwaka na mita ikishazimwa. Naandika kwenye kaunta buku lile lile la wadeni wangu, ukurasa wa mwisho. Jumatano iliyopita mita ilianza 4211.6 ikaishia 4212.7, hiyo ni 1.1, wao kwenye bili wakaandika 1.4. Nimewapigia, wanasema mwalimu alikosea kuandika, watarekebisha. Leo ni Jumanne. Ile 0.3 bado nawadai.